Siti ya Mbele na Siti ya Nyuma

Siku ya kuchagua pikipiki tulikuwa watu wanne dukani, na ninawataja kwanza ili asije mtu baadaye akasema alikuwepo na hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, mwenyewe anaendesha malori makubwa ya kubeba mawe mgodini kule Geita. Alikuwepo mama yake, yaani mkwe wangu, ambaye ninaishi naye hapa Didia. Na alikuwepo mzee mwenye duka, Mhindi wa Shinyanga mjini, ambaye baba yake alikuwa akinunua pamba ya baba yangu, kwa hiyo hata yeye simhesabu mtu baki. Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao, na ya watoto wao waliokufa wadogo. Sikuyaandika kwa sababu mjukuu alinikataza. Alisema siku hizi jina la mtu likitoka linatembea peke yake mpaka mahali ambapo mwenyewe hajafika. Basi nimeyaacha, lakini yananiwasha mdomoni.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mjukuu. Safari ndiyo ilikuwa yangu.

Nina dada mmoja, tumbo moja, ameolewa Runzewe tangu sisi ni wasichana. Mume alikwisha kufa, amebaki na mwanawe wa mwisho na mke wa huyo mwana. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana kwa simu, kila Jumapili nikitoka kanisani. Halafu masikio yake yakaanza kufunga. Kwanza nilipaza sauti. Kisha nikawa napiga kelele mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna msiba gani. Mwisho ikawa mke wa mwanawe ndiye anapokea, ananiambia dada amekula, dada amelala, dada anakusalimia. Macho nayo yakaingia ukungu. Jumapili moja nilimwomba yule mke wa mwanawe amwekee tu simu sikioni, nimsikie anavyopumua. Akamwekea. Nikaita jina lake la utotoni. Nikasikia dada anasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia asikasirike, "Mwambieni huyo mtu akate. Mdogo wangu yuko karibu kupiga."

Tangu siku hiyo sikukaa vizuri.

Na mimi si mtu wa kukaa, hata kabla ya hapo. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta cha kushika. Mkwe wangu husema kigoda changu kinazunguka nyumba nzima kwa siku moja kikifuata kivuli, na kikishafika kivulini mimi nimeshaondoka. Dada hakuwa hivyo. Tulipokuwa watoto kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kusuka maziwa. Maziwa yaliyoganda yanatiwa kwenye kibuyu, kibuyu kinapakatwa mapajani, unakipeleka mbele na kukirudisha nyuma mpaka siagi itoke. Mama alinipa mimi kusuka kwa sababu mikono yangu haitulii, na dada alikaa kando ameweka kiganja juu ya kibuyu. Siagi ikishikana alisikia kwa kiganja. Alisema, "Acha." Mimi nikaendelea, nikidhani ikizidi kusukwa itaongezeka. Siagi ikisukwa kupita kiasi inapata joto, inalegea, inavunjika vipunje kama chenga za mchele, huwezi tena kuikusanya. Tulichapwa wote wawili. Baadaye dada akaacha kusema "Acha." Akawa ananishika tu kifundo cha mkono, anakibana, nami najua.

Sasa, kufika Runzewe. Basi siliwezi. Nyonga yangu ya kulia haikubali kukunjwa, na harufu ya ndani ya gari iliyofungwa madirisha inanitapisha kabla hatujafika Tinde. Niliwahi kushushwa njiani na kondakta, kwa heshima, lakini nilishushwa. Nikajaribu bodaboda. Kijana wa watu aliniendesha kutoka hapa mpaka Tinde na kurudi, na niliposhuka meno yalikuwa yanaendelea kugongana yenyewe na mikono imekufa ganzi kama nimeilalia. Nikajiuliza, kama ni hivi kwa Tinde, Runzewe si watashusha maiti?

Mjukuu aliponisikia alikuwa likizo, amelala kifudifudi kwenye mkeka, mkwe wangu anamkanda kiuno. Lile lori analoendesha mgodini linamtikisa mgongo tangu asubuhi mpaka jua linazama. Alisema bila kuinua kichwa, "Bibi, mimi nanunua pikipiki. Zile za kukaa umejilaza nyuma kidogo, miguu mbele. Wanaziita kruza."

Nikamwambia, "Kruza ninazozijua mimi wanapanda wakuu wa wilaya."

"Hii ina magurudumu mawili. Ni ya watu wenye migongo mibovu. Nikiipata nakupeleka Runzewe."

"Usinidanganye, mke mwenzangu," nilisema. Huyu namwita mke mwenzangu kwa utani, kwa sababu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi.

"Bibi, mimi nikupeleke, wewe nyamaza njia nzima. Tumekubaliana?"

Mkwe wangu akasema kunyamaza ndiyo sehemu itakayoshindikana.

Ndiyo tukaenda Shinyanga mjini. Kwenye lile duka kulikuwa na mbili za namna hiyo, zimesimama mlangoni kama ng'ombe wa maonyesho. Moja ilikuwa ya pistoni moja, injini nene kama chungu cha pombe. Ya pili ilikuwa ya pistoni mbili. Mwenye duka alitoka mwenyewe. Alinisalimia, "Mwadila, mayu," yaani mama, kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko cha wajukuu zangu, akaniletea kiti, nikakikataa, akaniletea chai, nikainywa nimesimama.

"Nani anaendesha?" aliuliza.

"Mimi," mjukuu alisema.

"Na nani anachagua?"

Mkwe wangu akaninyooshea mdomo. "Huyo. Yeye ndiye mwenye safari. Sisi ni wasindikizaji."

Mwenye duka aliwasha ile ya pistoni moja. Jamani. Ilisimama pale pale inatingishika yote, vioo vinatetemeka, kikombe changu nilichokiweka juu ya meza ya kioo kikaanza kutembea. Ilipiga taratibu, dun, dun, dun, kama mtu anatwanga uwele na hana haraka. Kisha akaizima, akawasha ya pili. Hiyo ilinyamaa. Iliimba tu kwa pua.

Mkwe wangu akasema, "Hiyo hiyo. Hiyo iliyotulia. Mama, ile nyingine itakumaliza."

Mwenye duka akatikisa kichwa. Alisema watu wengi huchagua pikipiki ikiwa imesimama, na hakuna anayesafiri imesimama. Ile ya pistoni moja, alisema, inatikisika ikiwa inasubiri, lakini ikishapata mwendo wa kati inatulia, inabaki kukukanda tu. Ile ya pili ni mpole hapa mlangoni, ila ukiifukuza kwenye lami usukani unaanza kuwasha, mtetemo mwembamba mwembamba unaingia vidoleni na hautoki. "Kama mikono yako imeshachoka na mitambo," alimwambia mjukuu, "huo mwembamba ndio mbaya. Lakini siti yake ya nyuma ni pana. Kila moja ina ugonjwa wake. Nenda kazijaribu zote mbili, urudi uniambie."

Mjukuu akazipeleka moja moja mpaka nje ya mji. Mimi nilikuwa nazunguka dukani nashika kila kitu, taili, kofia ngumu, minyororo, mpaka mwenye duka akaniuliza kama natafuta kazi. Mjukuu aliporudi na ile ya pistoni mbili alikuwa anajikunjakunja vidole. Aliporudi na ile ya pistoni moja alikuwa anacheka.

"Bibi, njoo ukae," alisema. "Usipoikubali wewe siinunui."

Hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya watu wanne wenye akili timamu na hakuna aliyeliona. Mjukuu alishuka. Mwenye duka akapangusa siti kwa kitambaa. Mkwe wangu akanishika mkono huu, mjukuu akanishika huu, wakanipandisha. Wakanikalisha mbele. Siti ya dereva. Mimi ni mtu mzima kuliko wote pale, na nani angenionyesha siti ya nyuma? Nyumbani kwetu mgeni anapewa kiti chenye mgongo, mzee anapewa mahali pa mbele, na mwenye duka naye amekulia humu humu, anajua.

Basi nikakaa. Nasema kweli, ilikuwa kama kukaa kwenye godoro lililokunjwa. Siti pana imeshuka chini, imenishika kiuno pande zote. Miguu imekwenda mbele imenyooka, na nyonga yangu, hii isiyokunjika, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini haikusema neno. Wakaiwasha. Ule mtwango ukapanda kutoka chini, mzito, wa taratibu, ukafika mgongoni ukakaa. Nikafumba macho.

"Unasemaje, mayu?" mwenye duka aliuliza.

Nikasema, "Hapa nafika Runzewe nimelala usingizi."

Pikipiki ikanunuliwa.

Siku ya safari niliamka kabla ya majogoo, nikaamsha kila mtu. Mjukuu alinivalisha suruali yake chini ya gauni, na juu koti la mvua, na kichwani kofia ngumu iliyofunika mpaka kidevu. Mkwe wangu alicheka akakaa chini. "Dada yako akikuona atasema mgodi umeota miguu," alisema. Nilibeba kibuyu cha maziwa mgando kwa ajili ya dada, hakikujaa, kilifika kama robo tatu hivi, nimekifunga kwenye kanga nikakiweka katikati ya tumbo langu na mgongo wa mjukuu.

Mjukuu akapanda mbele. Akasema, "Haya bibi, panda nyuma."

Nilipanda. Nikatafuta siti. Nikaitafuta tena. Kulikuwa na kitu kidogo kama kipande cha mkate, kimewekwa juu ya taili, juu zaidi ya ile ya mbele, na vikanyagio vyake viko juu hivyo magoti yalinikaribia kifuani. Nyonga ikasema hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeamsha watu wote na jogoo, na Runzewe dada alikuwa anasubiri mtu apige. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

Kutoka Didia mpaka Tinde nilisali. Kila kiraka cha lami taili la nyuma lilikiruka, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa juu yake kabisa, kilinijia mimi kwanza. Nikahamia upande wa kushoto. Nikahamia kulia. Nikainuka kidogo.

"Bibi, tulia," mjukuu alipaza sauti. "Unaivuta pikipiki."

"Sijatulia tangu nizaliwe, nianze leo kwenye lami?"

"Ukihama hivyo tutaingia chini ya lori."

Malori ya kwenda Rwanda yalikuwa yanatupita, kila moja linatusukuma na upepo wake. Nikashika kibuyu kwa mkono mmoja, koti la mjukuu kwa mwingine, nikajaribu kukaa kama dada. Nilishindwa. Tulipofika Isaka nikampiga mgongoni, akasimama pembeni, nikashuka kwa kuviringika.

"Dukani mbona ilikuwa laini?" nilimuuliza. "Wamekubadilishia hii?"

Alivua kofia, akaniangalia, akaiangalia siti. "Dukani ulikaa wapi, bibi?"

Nikaishika ile siti ya mbele. Aliweka mkono mdomoni. Nilimwona anataka kucheka na anataka kulia, na mimi vilevile. Tukasimama kando ya barabara, wanawake wawili wenye suruali, tunaitazama ile siti ya mbele pana, nzuri, tupu.

Akampigia mwenye duka, akaweka sauti ya wazi nisikie. Alipomweleza, mzee alishtuka. "Mimi nimkalishe mama mtu mzima nyuma?" alisema. "Mbele ya watu, dukani kwangu? Baba yangu angefufuka anipige." Halafu akasema, kwa sauti ya biashara, turudi nayo tu, haijachakaa, atatupa ile ya pistoni mbili yenye siti pana nyuma, bila ugomvi.

"Turudi?" mjukuu aliniuliza.

Nilitazama nyuma, tulikotoka. Nikatazama mbele. "Tukirudi leo nitapata nguvu ya kupanda tena lini?" nilimwambia. "Washa."

Sitaki kusimulia yote. Tuliupita mgodi wa Buzwagi, vile vilima vya mawe vinavyoonekana toka mbali, na mjukuu akapunguza mwendo akanionyesha, nikamwambia anionyeshe siku nyingine. Kahama tulilala kwa dada yake mkwe wangu, nikalala kwa tumbo. Yule mama alinikanda nyonga kwa maji ya moto akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia mtu mwenye hakika hasafiri namna hii. Asubuhi mjukuu alikunja blanketi akalifunga juu ya kile kipande cha mkate, ikawa nafuu kidogo mpaka Masumbwe, blanketi likateleza. Alikuwa ameshaujua mwendo ambao ile injini inatulia, akaushika huo huo, hakupita lori hata moja. Hata hivyo, kuna kutulia kwa mbele na kutulia kwa nyuma. Tulipofika Ushirombo mkono wangu wa kushoto ulikuwa hausikii kibuyu, nakikumbatia tu kwa mazoea. Ndani yake nilisikia maziwa yanapiga chwa, chwa, chwa, toka tulipoondoka, na mimi sina mkono wa kuyazuia.

Wasiwasi wangu haukuwa barabara. Nilikuwa najiuliza, nikifika asinijue? Kwenye simu alinikataa. Je, na mlangoni?

Runzewe tuliingia jua limepanda. Dada alikuwa amekaa nje kwenye benchi la mbao lililosimikwa ukutani, miguu imenyooshwa, mikono juu ya benchi, ametulia kama siku zote. Mjukuu aliingiza pikipiki uani mpaka karibu naye, akaiacha inawaka kwa sababu nilikuwa sijaweza kushuka. Dada hakugeuza uso. Macho yake yalikuwa meupe. Lakini viganja vyake vikajikandamiza kwenye benchi.

"Kitu gani kinapiga hapa?" alisema. "Mnatwanga nini?"

Mke wa mwanawe alitoka mbio akinikaribisha, akanisaidia kushuka. Nikaenda nachechemea mpaka kwa dada, nikapiga magoti mbele yake kwa shida, nikasema shikamoo. Hakusikia. Nikasema kwa nguvu. Alinyoosha mkono akagusa kofia ngumu, akagusa koti la mvua, akagusa suruali. Akarudisha mkono.

"Huyu ni askari?" alimuuliza mke wa mwanawe. "Kuna nini?"

Yule mke wa mwanawe akamsogelea sikioni akapiga kelele, "Ni mdogo wako. Wa Didia."

"Mdogo wangu hawezi gari," dada alisema. "Anatapika."

Nilivua kofia, lakini kichwa changu hakina nywele za kutambulisha mtu. Mjukuu alisimama nyuma yangu anashika kiuno chake. Sikujua nitazame wapi wala nifanye nini, na kama kawaida mikono yangu ikatafuta cha kushika, na kilichokuwepo kilikuwa kibuyu. Nikakifungua kwenye kanga nikamwekea mapajani.

Kibuyu alikijua. Alikizungusha, akakipeleka mbele kidogo, akakirudisha, akaweka kiganja juu. Alikaa hivyo. Uso wake ulikuwa ule ule wa asubuhi za nyumbani kwetu, wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Akazibua, akaingiza kidole, akakitoa kina maziwa yenye vipunje, akavisagasaga kwa kidole gumba.

"Haya yamesukwa mpaka yameharibika," alisema.

Akakinusa kidole.

"Yamepita muda wake zamani. Yalikuwa yameshashika, mtu akaendelea." Akakunja uso kama amekasirika, kisha nikaona mdomo wake unaanza kutelezea kwenye tabasamu. "Hakuna mtu duniani asiyejua kuacha isipokuwa mmoja."

Akanyoosha mkono chini akapapasa, akanipata bega, akateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akakibana. Nami nikajua, nikatulia.

Tulikaa pale siku kadhaa. Sitasema tuliongea nini, kwa sababu hatukuongea. Tulikaa kwenye benchi ameshika kifundo changu, na nilikaa kweli, mke wa mwanawe ni shahidi. Lakini kila mjukuu alipowasha pikipiki kwenda kununua kitu, dada alijua anatoka, na aliporudi dada alijua kabla sijamwona. Benchi lilimwambia. Siku moja aliomba apelekwe karibu. Mjukuu akaiwasha, akamwekea kiganja juu ya tangi. Dada akasimama hapo mpaka tukaogopa mafuta yataisha.

"Inatwanga vizuri," alisema. "Haina haraka. Mdogo wangu ajifunze kwake." Halafu akasema, "Hii ikija nitaijua."

Jioni hiyo mkwe wangu alipiga simu. Mwenye duka alikuwa amempigia, ile nyingine bado anatuwekea, turudi na hii upesi. "Mama, chukueni iliyotulia," alisema. "Utakufa na ukaidi."

Mjukuu alinitazama. "Bibi, ni nyonga yako. Mimi vidole nitavumilia. Ile ina siti."

"Ile itapita hapa kwenye benchi kama paka," nilimwambia. "Atajuaje nimekuja?"

Alifikiri. "Kwa hiyo unataka ile inayokutesa."

"Nataka inayomwambia. Hilo la kutesa tulitafutie fundi."

Kulikuwa na fundi wa makochi hapo hapo sokoni Runzewe. Aliiangalia pikipiki, akaniangalia mimi, akasema hajawahi kushona kochi la magurudumu mawili ila hataki kufa bila kulishona. Alitaka kupima kwa macho. Nikamwambia hapana. Nilipanda mwenyewe, nyuma, mbele ya soko zima, mjukuu akapanda mbele, nikamwambia fundi apime hivyo tulivyo. Wapita njia walikuwa wanauliza kama tunapigwa picha. Akaongeza sponji nene, akaipanua siti pande zote mbili, akaweka egemeo la mgongo, na fundi wa kuchomelea akateremsha vikanyagio. Imekuwa mbaya kuitazama. Mjukuu anasema wenzake mgodini wanaiita sofa, na bado wanaiazima kuikalia.

Kurudi hakukuwa raha, nisiseme uongo. Sponji haligeuzi taili. Nyonga ilisema, ila ilisema kama mtu anayelalamika akiwa chumba cha pili. Hapa Didia nimerudi kwenye kigoda na kivuli. Jumapili sipigi simu tena. Nasubiri likizo ya mjukuu, na kila injini inayopita barabarani nasimama kusikiliza kama inatwanga, mkwe wangu ananiambia kaa, nakaa, nasimama. Tumeshaenda tena, na tutaenda. Mke wa mwana wa dada alinishauri nijaze kibuyu mpaka mdomoni, maana kikijaa pomoni maziwa hayapati nafasi ya kucheza na yatafika mazima. Najua hilo tangu nikiwa mtoto. Naacha nafasi makusudi.

Nimeandika nilivyokumbuka. Mjukuu anasema tulipumzika Tinde na siyo Isaka, na mkwe wangu anasema chai dukani niliinywa nimekaa, jambo ambalo siliamini. Mwenye duka anaweza kusema ni mimi niliyekimbilia siti ya mbele kabla sijaonyeshwa. Kama mmoja wenu alikuwepo, au alitupita barabarani akaona kikongwe mwenye kofia ngumu amekumbatia kibuyu, na anakumbuka tofauti, aje Didia aninyooshe. Asiponikuta kwenye kigoda asisubiri. Aulize kama mjukuu yuko likizo.